Gae Ndani ya Shaba

Mimi si mtu wa subira, na kazi niliyojichagulia inataka subira kuliko ya mkunga. Natengeneza vidani, hereni na bangili za udongo wa shaba, kwenye chumba cha nyuma cha nyumba ninayopanga hapa Shieywe, mjini Kakamega. Ukimwambia mtu "udongo wa shaba" anakuangalia kama tapeli. Ni unga wa shaba uliosagwa laini kabisa na kuchanganywa na gundi. Unautia maji, unaukanda, unautandaza, unaukata umbo unalotaka, unaukausha. Halafu unauzika ndani ya mkaa uliosagwa, kwenye mkebe wa chuma, unauingiza kwenye tanuri dogo la stima. Gundi inaungua, chembe zinashikana, na kinachotoka ni shaba kamili, ukiigonga inalia. Hiyo ni siku ikiwa nzuri. Siku nyingine kinatoka na ufa.

Sababu za ufa nazijua zote. Ukikausha kwa pupa, kinapasuka. Ukitandaza upande mmoja mnene na mwingine mwembamba, kinapasuka. Ukiacha hewa ndani, kinapasuka. Na stima ikipotea tanuri likiwa katikati ya kazi, na hapa Kakamega mvua ya alasiri ikianza tu stima nayo inaaga, basi unatoa kitu kinachomomonyoka mkononi kama biskuti. Mwanzoni nilikuwa nalia. Baadaye nikawa natukana. Siku moja nilitupa kidani dirishani, hasira zikaisha, nikatoka kukitafuta kwenye sukuma wiki za jirani. Jirani akaniuliza kama nimepoteza pesa. Nikamwambia nimepoteza akili. Ndipo polepole nikajifunza kuutibu ufa: unakoroga udongo uleule uwe uji mzito, unaujaza ndani ya ufa kwa kijiti, unakausha, unachoma tena. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na mimi nimezijenga kuta nyingi.

Nyufa hizo hazinisumbui tena. Zinazonisumbua ni zile za mama.

Mama alikuwa mfinyanzi. Yeye na baba walihamia Lugari walipopata shamba karibu na Lumakanda, kwenye ardhi iliyokuwa ya mzungu. Baba alilima mahindi. Mama alishuka bondeni, akapata udongo mweusi karibu na mto, akafungua shimo lake. Vyungu vyake viliuzwa soko la Mautuma: vya maji, vya kupikia mrenda, na vya pombe kwa wale ambao hawakuwa wa kanisa letu. Alivipamba kwa gunzi la mahindi. Analiviringisha shingoni mwa chungu kingali kibichi, na gunzi linaacha vishimo vidogo vidogo, safu kwa safu. Wafinyanzi wengine walifanya vivyo hivyo, ila mkono wake ulijulikana. Aliviringisha akielemea kushoto, hivyo safu zake zilikuwa zinapanda mlima kidogo. Mtu wa Mautuma angeokota kipande njiani akasema hiki ni cha yule mama wa Lumakanda.

Kazi yangu nilipokuwa mtoto ilikuwa kutwanga magae. Chungu kikivunjika kwetu hakikutupwa. Vipande vyake, ndiyo magae, vilitwangwa kwa jiwe, vikachekechwa, na unga wake mwekundu ukakandwa pamoja na udongo mpya.

"Udongo mbichi haujui moto," mama alikuwa akisema. "Gae limeshaingia motoni likatoka. Linaufundisha mwenzake."

Na kweli, udongo usiotiwa gae ulipasuka. Mimi magae niliyachukia. Yaliniingia machoni, yakanikwaruza vidole, nikaapa kwamba nikiwa mkubwa sitashika udongo maishani. Mungu husikia viapo vya watoto akacheka.

Mama alikuwa na sheria moja ambayo sikuwahi kumwona akiilegeza. Aliamini kuna watu wenye mkono moto. Mtu mwenye mkono moto akishika udongo, chungu kitapasuka, hata awe malaika. Shangazi yetu mmoja, dada yake baba, alikuja kukaa nasi akajaribu kufinyanga. Vyungu vyake vilipasuka. Akajaribu tena, vikapasuka. Mama hakugombana naye. Alimpa chai, akamwambia, "Wifi, mkono wako ni moto. Wewe nisaidie kuni." Shangazi akacheka kwa uso, lakini nilimwona nyuma ya ghala akijifuta macho kwa leso. Na vile vyungu vyake vilivyopasuka, mama hakukubali nivitwange. Alivibeba hadi bondeni akavitupa kwenye shimo alilochimbia udongo. Gae la mkono moto, alisema, litafundisha udongo mpya tabia mbaya.

Mwaka ukaja ambapo Mautuma ilijaa mitungi ya plastiki. Vyungu vilirudi nyumbani jinsi vilivyoenda, mama akapunguza, baadaye akaacha. Baba akafariki. Mimi nikahamia Kakamega mjini, nikauza nguo, nikauza maandazi, mwisho nikaona mtu kwenye simu akigeuza udongo kuwa shaba, na kiapo changu kikaishia hapo. Mama alibaki Lumakanda na kaka yangu na mke wake, na huyo mke wa kaka, wifi yangu, ndiye aliyemtunza alipopigwa na kiharusi. Mkono wa kulia ukafa. Wa kushoto ukabaki, ukitetemeka.

Nilikwenda kumwona. Mama aliniita "mama", kwa sababu jina langu ni la mama yake, na hivyo ndivyo ilivyo kwetu. Tulikula obusuma na ingokho, yaani ugali na kuku, nikamkatia nyama vipande vidogo, na katika mazungumzo nikamuuliza kama pamebaki chungu chake hata kimoja, nikakiweke kwangu. Wifi akaenda kuangalia ghalani, akazunguka nyuma ya jikoni, akarudi mikono mitupu. Kilichobaki cha kunyweshea kuku kilikuwa kimekanyagwa na ng'ombe.

"Mfinyanzi hulia gaeni," mama akasema. "Vizuri vyote vilienda sokoni, mama." Halafu akasema bila kuniangalia, "Nimefinyanga mpaka mgongo ukapinda. Nikienda, hakuna mtu atashika kitu aseme hiki kilitoka kwa mkono wake."

Nikamwambia kwamba mimi nafinyanga shaba, na shaba haivunjwi na ng'ombe. Tutatengeneza kidani pamoja. Yeye atakanda na kupitisha gunzi, mimi nitachoma, nami nitakivaa mpaka nizikwe. Akaangalia mkono wake wa kushoto.

"Huu haujazoea," akasema.

"Utazoea."

Akakubali. Sijui kama nimewahi kutaka kitu chochote namna nilivyokitaka kidani hicho. Na yeye alikitaka kuliko mimi.

Kwa hiyo siku za Jumamosi nilibeba mkebe wa unga wa shaba hadi Lumakanda. Tulikaa nje ya jikoni, yeye kwenye kiti, ubao magotini. Mimi namimina maji, yeye anakanda kwa mkono mmoja, polepole, akiegemea na bega. Akimaliza kukanda alikuwa na kawaida ya kulibana donge kiganjani, mara moja, kwa nguvu, asikie kama limekubali. Wifi alitafuta gunzi jembamba la mahindi yaliyokosa mbolea, kwa sababu gunzi la kawaida lingemeza kidani kizima. Mama aliliviringisha, mkono ukitetemeka, nami nikashikilia ubao. Na safu zikatoka. Zilipinda, ziliyumba, lakini zilikuwa zinapanda mlima. Nilijifanya moshi umeniingia machoni.

Nikakikausha palepale kivulini, nikakifunga kwa pamba ndani ya sufuria ndogo, nikakipakata hadi Shieywe, nikakichoma. Kikatoka na ufa katikati, toka juu hadi chini.

Sawa, mara ya kwanza ni ya shetani. Nikaziba, nikachoma tena, kikafunguka pengine. Jumamosi iliyofuata tukatengeneza kingine. Kikapasuka. Na kingine. Nililaumu barabara kwa kunitikisia mzigo. Nililaumu baridi ya Lugari. Niliilaumu stima, maana stima hailaumiwi bure. Nilimpigia simu mwenye duka kule Nairobi anayeniuzia unga, nikamwambia unga wake umekuwa na mchanga, unakwaruza vidole, ananiuzia takataka. Akajitetea, nikamkatia. Ajabu ni kwamba vidani nilivyotengeneza mwenyewe Shieywe, kwa unga wa mkebe uleule, vilitoka vizima, watu wa ofisi za kaunti wakavinunua. Vya mama tu ndivyo vilivyopasuka.

Kila nikifika, kabla hajanisalimia vizuri, aliuliza, "Imeshika?"

"Bado, mama. Karibu."

"Inapasukanga wapi?"

"Katikati."

Alitikisa kichwa kama daktari. "Haijapata nguvu," alisema. "Leo nitaikanda vizuri."

Vile vilivyopasuka sikuvitupa wala sikuvivunja. Kila kimoja kilikuwa na safu zake, ningekivunjaje? Niliviweka kwenye mkebe mdogo wa majani ya chai, na Jumamosi moja nikavibeba vyote, nikitaka mama avione vikiwa pamoja. Labda jicho lake lingeona kitu ambacho langu halijaona.

Siku hiyo alikuwa ameanza bila mimi. Unga wa shaba uliobaki wiki iliyotangulia nilikuwa nimemwachia, naye alikuwa ameshaukanda, ameshalibana donge, amelifunika kwa kitambaa kibichi. Alikuwa na furaha. Nikamwagia ubaoni vile vidani vilivyopasuka. Akavigeuza kimoja kimoja kwa kidole.

"Vunja moja," akasema.

"Mama, hapana."

"Chungu hakisemi ugonjwa wake kwa nje. Vunja."

Nikachukua koleo langu, nikakivunja kimoja. Kilikatika kirahisi, jambo ambalo shaba nzima haifanyi. Akachukua kipande, akakielekeza kwenye jua, akakisogeza karibu na macho. Nami nikainama nikaangalia. Ndani ya shaba mlikuwa na chembe. Nyekundu, ndogo, zimetapakaa kila mahali, na kila ufa ulikuwa umeanzia kwenye chembe.

Mimi nilikuwa bado nawaza habari za mwenye duka wa Nairobi. Mama alijua kabla yangu.

"Hii ni gae," akasema. "Hii ni yangu."

Akaniomba nimletee mkebe wa siagi uliokuwa chini ya kitanda chake. Ulikuwa na unga wa magae, wa vyungu vya zamani, labda vile nilivyovitwanga mimi mwenyewe. Kila Jumamosi, nikienda kumwagia kuku maji au kuongea na simu kule penye mtandao, alikuwa anatia kidogo kwenye shaba. Hakunificha. Kwake halikuwa jambo la kuambiana. Nani anatangaza kwamba ametia chumvi kwenye mboga? Nami nilipaswa kumwambia kwamba shaba haitaki gae, kwamba kazi ya gae kwa udongo wa mtoni ndiyo sumu kwa huu, maana gae halishikani na shaba, linakaa katikati kama mgeni na kuisukuma huku na huku. Lakini haikunijia akilini.

Nikacheka. Nilicheka kwa raha kabisa, kwa sababu tatizo lilikuwa limekwisha. "Basi, mama! Ni hilo tu. Tunakanda upya bila gae, Jumamosi ijayo navaa kidani."

Hakucheka. Aliuingiza mkono wake wa kushoto chini ya leso.

"Ni vyote?" akauliza. "Vyote vimepasuka?"

"Ni gae, mama. Si wewe."

"Gae lilitiwa na nani?"

Nikamweleza. Nilieleza vizuri, kwa Kiswahili na kwa lugha yetu, gundi, chembe, moto, mkaa. Alinisikiliza kwa heshima, jinsi alivyokuwa akiwasikiliza watu wa serikali. Nilipomaliza akasema, "Nilimwambia wifi yangu, shangazi yako, kwamba mkono wake ni moto. Alilia. Mimi sikubadilisha maneno. Sasa nibadilishe kwa sababu ni mimi?"

"Mama, jaribu mara moja tu."

"Mkono ni moto, mama. Umeshakuwa moto. Niachie hivi vitu."

Nilimwachia mkebe wa majani ya chai na vidani vyake, nikidhani anataka kuvitazama. Nikarudi Shieywe nimekasirika. Sikumkasirikia yeye. Niliikasirikia ile sheria, na nikamkasirikia shangazi aliyelia nyuma ya ghala miaka yote hiyo iliyopita, kana kwamba yeye ndiye aliyeiandika.

Nilirudi mara nyingi. Nilileta unga mpya, nikaukanda mwenyewe, nikautandaza, nikamwekea ubao magotini na gunzi juu yake. "Usiushike," nilimwambia. "Sukuma gunzi tu. Gunzi ndilo litashika." Alitabasamu, akaniuliza habari za mjini. Nikambembeleza kama mtoto anayekataa dawa. Nikamchokoza, nikamwambia anaringa. Mara moja mkono ulitoka chini ya leso, nikamsogezea ubao, kumbe anafukuza nzi. Kiharusi cha pili kilimkuta mahindi yakitoa mbelewele. Kaka alinipigia simu asubuhi nikiwa napiga msasa bangili, akasema tu, "Njoo nyumbani." Mtu akikwambia njoo nyumbani kwa sauti ile, huulizi.

Baada ya mazishi, wageni walipopungua, nikamuuliza wifi uliko ule mkebe wa majani ya chai. Nilikuwa nimejifariji njia nzima. Vimepasuka, sawa, lakini vina safu zake. Nitavaa hivyohivyo na nyufa zake, anayetaka kucheka acheke.

Wifi akaangalia chini. "Alinituma nikavitupe. Kwa lile shimo, kule chini. Wiki ileile."

"Na ukatupa?"

"Dada, ningekataa vipi? Alikuwa ananiangalia kutoka hapa."

Nilishuka bondeni na nguo zangu za matanga. Shimo la mama lilikuwa limejaa maji ya mvua, majani ya matete yamefunika juu. Niliingia. Nilipapasa chini mpaka mikono ikafa ganzi, nikatoa tope, nikatoa mizizi, nikatoa magae meusi yasiyo na safu, pengine ya shangazi. Shaba sikuipata hata kipande. Kaka alikuja akasimama ukingoni, akasema toka, watu wanaona. Nikamwambia waone. Nililia kule shimoni jinsi ambavyo sikuwa nimelia kaburini, kwa sauti, kama mtu mwenye hasira, na hasira ilikuwepo. Alikuwa amejifanyia alivyowafanyia wengine. Haki ni kitu kibaya wakati mwingine.

Niliporudi juu, nimelowa, wifi alinipa chai, akaingia chumba cha mama, akatoka na sufuria ndogo iliyofunikwa kwa kitambaa.

"Hii hakuniambia nitupe," akasema.

Ndani mlikuwa na lile donge. Donge la Jumamosi ile, alilolikanda kabla sijafika, kabla hatujavunja kitu. Lilikuwa bado bichi. Juu yake zilikuwapo alama za vidole vinne vya mkono wa kushoto na gumba, pale alipolibana, zimezama, hadi mikunjo ya ngozi unaiona.

"Kila asubuhi alikuwa ananiambia ninyunyize maji. Yeye mwenyewe hakulishika. Alisema hili bado halijaingia motoni, kwa hiyo halina kosa. Akasema utakuja kulitaka."

Sasa liko Shieywe, kwenye sufuria ileile, mbali na tanuri. Nimelifikiria kutoka pande zote. Ndani lina gae, najua, maana alilikanda siku ambayo hakuwa anajua. Nikilichoma litapasuka vipandevipande. Nikiliacha likauke litageuka vumbi. Rafiki yangu mmoja aliniambia nilipige picha, nimelipiga, na picha haina uzito mkononi. Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji. Mama na mimi hatukuuwahi, kwa hiyo nimebaki kuutunza ungali maji.

Na maji nayo yana yake. Yale yanayolizuia lisikauke ndiyo yanayofuta alama. Mikunjo ya ngozi haionekani tena. Kidole kidogo kimeanza kujaa. Nikipunguza maji, naona mstari mwembamba wa ufa ukianza pembeni, nami nyufa nazijua, naongeza haraka. Kila asubuhi kabla ya kuwasha jiko nafunua kitambaa, naingiza vidole vyangu vya kushoto kwenye vidole vyake, polepole, bila kubonyeza. Halafu nanyunyiza maji kidogo, nafunika.